Mwaka Nilioazimisha Buku Langu

Namba nisizozijua huwa sizipokei. Mtu mwenye nia njema hutuma ujumbe kwanza, ajitambulishe, ndipo apige. Ndivyo ninavyoamini, na wanangu hunicheka kwa hilo. Kwa hiyo simu ya Zambia ilipoita mara tatu asubuhi moja, mimi niko Lubumbashi nachambua maharagwe, niliiacha iite. Mara ya nne nikapokea bila kusema kitu, nisikie kwanza ni nani anayepumua. “Mama Solange?” sauti ya mwanamke kijana ikauliza. “Ni miye Furaha, mutoto ya Mado. Mama alikufa jana. Tunakuomba ukuye mbele ya kumuzika. Kuko mambo ya jina.” Nilikaa chini. Sikulia papo hapo, na bora niseme ukweli: kilichonijia kwanza hakikuwa huzuni bali wasiwasi, maana nilijua ni jina gani lililokuwa na mambo. Lilikuwa langu.

Kutoka kwangu hadi Nchelenge, upande wa Zambia, alikoishi Mado, ni siku mbili ukibahatika na magari, na siku mbili zinamtosha mtu kuukumbuka mwaka mzima. Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa. Niliishi kwa Tantine Vero, dada ya mama yangu, katika nyumba ya vyumba viwili karibu na ufuo wa ziwa Mweru, chumba kimoja chetu na kimoja cha magunia ya chisense, vile visamaki vidogo alivyovianika mchangani na kuviuza kwa kikombe. Harufu yao ilikuwa kwenye shuka, kwenye mkate, kwenye nywele. Namna tulivyovuka ziwa kutoka Kongo sitaieleza. Mtaa mzima ulivuka, na kila mtu anayo yake. Ila inafaa kujua kwamba majirani zetu wengi hawakuwa na karatasi za kutosha. Wengine walikuwa wafanyabiashara waliokuja kwa wiki moja wakakaa miaka. Wengine walitoka kwenye kambi ya wakimbizi bila ruhusa, kwa sababu mtu hawezi kula mihogo tu maisha yake yote. Wote walijua kusikiliza mlango unavyobishwa na kukisia aliye nje kabla hajasema.

Katika mtaa huo ofisi moja ya misaada ilitaka kujua nani anahitaji nini, na watu waambiwe mahali pa kukipata. Kazi alipewa Ba Mwansa, Mzambia mtu mzima, mrefu, mwenye baiskeli na kalamu mbili mfukoni. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kwa hiyo alitafuta mtu wa kumsaidia, na mimi nilikuwa nimesoma kidogo huku na kidogo kule, Kibemba nakijua. Tulikaa katika chumba nyuma ya kanisa, chenye meza ya mguu mfupi uliowekewa tofali, tukaandika: akina mama wajawazito waende wapi na siku gani, hata kliniki ya Kafutuma kama ndiyo ya karibu, watoto wanachanjwa lini, mzee asiye na mtu apate wapi unga, mwanamke anayepigwa amwone nani, mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa aanzie mlango gani. Nilijivunia sana karatasi ile. Nilidhani tukiisoma nyumba kwa nyumba watu watatushangilia.

Walitudanganya, nyumba hadi nyumba. Nyumba moja niliyojua ina watu tisa iliniambia ina watu wawili, na wale saba wakiwa uani wananitazama. Mwanamume aliyekuwa na jeraha la mguu linalonuka alisema hana ugonjwa wowote tangu azaliwe. Sikuwalaumu, maana jioni nilikuwa nawasikia kwenye kianikio, nikigeuza chisense na Tantine. “Kuandika jina, njo kukuhesabia,” alisema mmoja. “Bakisha kumaliza kuhesabia, bataleta malori, tutarudia kwetu na nguo ya mwili tu.” Mwingine akasema, “Na ule muzee ya kinga,” yaani ya baiskeli, “mulishamuona anakula kwa mutu? Hata mayi hakunywake.” Ilikuwa kweli. Ba Mwansa hakuwahi kula kwetu. Alikaribishwa bukari, ugali wetu, akashukuru, akashika tumbo, akasema ameshiba. Kwetu, mtu anayekataa chakula chako ana sababu, na sababu hiyo huwa si nzuri. Tantine alinitazama kwa jicho la pembeni. “Weye njo unatembea naye,” akasema. “Utajua siku moja anauzisha batu wapi.”

Nami nilikuwa na ushahidi wangu. Ba Mwansa alikuwa na rejista kubwa aliyoipeleka ofisini, humo tulijaza majina, au tuseme uongo tuliopewa. Lakini alikuwa pia na kijitabu kidogo cha mfuko wa shati. Kila tukitoka kwenye nyumba alisogea hatua kumi, akanigeuzia mgongo, akaandika humo haraka, kisha akakifungia kwa raba. Nilijaribu kuchungulia mara nyingi. Akawa anakifunika kwa kiganja kama mwanafunzi asiyetaka kuibiwa majibu. Nikajiambia rejista ni ya kutudanganya sisi, na kijitabu ndicho cha polisi wa uhamiaji. Niliendelea kufanya kazi naye, lakini kuanzia hapo nilimhesabu kama adui anayetabasamu.

Mado aliishi chumba cha nyuma ya stoo ya chumvi. Alikuwa amenizidi miaka mitano hivi, kwa hiyo nilimwita yaya, dada mkubwa. Mume alivuka kurudi Kongo kutafuta mali yao, hakusikika tena, na alimwachia mtoto mchanga, Furaha. Chumba kilikuwa na dirisha moja lililozibwa plastiki ya bluu, na mchana kila kitu humo ndani kilikuwa bluu, hata mikono yake, hata uji. Nilimpelekea bukari na sombe, yaani kisamvu, tukala pamoja kitandani, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine, na tulicheka sana humo. Alijua kuigiza sauti za watu wote wa mtaa, Ba Mwansa akiwa wa kwanza. Alikuwa anakohoa. Mwanzoni alisema ni vumbi la chumvi. Kisha akaanza kugeukia ukutani akikohoa, na kukunja kitambaa upesi nisione. Siku nilipofika na rejista alitaka kuona jina lake linavyokuwa likiandikwa, maana hakujua kusoma. Nikaliandika lote: Ngoie Kiluba Madeleine. Aliligusa kwa kidole herufi baada ya herufi. Halafu akashtuka kama aliyeguswa na moto. “Toa ile,” akasema. “Solange, mi siko na papier. Toa.” Nikauchana ukurasa ule, nikamwahidi kwamba nitakaa nao mimi mwenyewe na hakuna atakayeuona. Nikauficha nyumbani, kati ya jalada na karatasi ya mwisho ya daftari langu la zamani la shule.

Sasa, kuhusu buku. Kliniki za upande ule, mgonjwa huja na daftari lake mwenyewe, daftari la shule tu, wengi hulikata nusu ili litoke mawili. Juu kuna jina, umri, kijiji, na jina la headman, yaani mkubwa wa kijiji chako. Ndani nesi anaandika ugonjwa na dawa. Bila buku hutibiwi, na kupata buku jipya ni kujibu maswali, na swali la headman liliwatisha watu wetu kuliko sindano. Tufanyeje? Tuliazimana. Mtaani kwetu buku liliazimwa kama kinu au chekecheo. Lilikwenda mwili huu na ule na kurudi na malaria ambayo mwenye jina hakuugua. Hatukuona ubaya wowote. Kwa hiyo kitambaa cha Mado kilipotoka na damu mbele yangu, sikufikiri mara mbili. Nilimpa langu. “Sema uko Solange Kapya,” nikamwambia, “myaka kumi na tisa. Bakiuliza headman, fanya sawa vile hausikie.” Alikwenda asubuhi, akapewa kikopo cha kutemea makohozi, akarudi akiigiza sauti ya nesi mpaka tukashika mbavu. Furaha alikuwa mgongoni mwangu.

Wiki moja baadaye nilifika kanisani mapema. Mlango wa chumba chetu ulikuwa umeegeshwa, na ndani Ba Mwansa alikuwa anaongea na nesi wa kliniki, kwa Kibemba, kwa sauti ya chini. Nilisimama ukutani, kama ambavyo mtu yeyote wa mtaa wetu angesimama. Nilisikia jina langu, Solange Kapya. Nesi akasema amemtafuta, na Ba Mwansa akajibu kwamba anaijua nyumba, aachiwe yeye. Sikungoja zaidi. Kwa nini jina langu liwe mdomoni mwa nesi? Nikaona yote yamefunguka: wamejua tunaazimana buku, wameanza na mimi, wakinibana nitawataja wengine, na wa kwanza ni yule mwenye mtoto nyuma ya stoo ya chumvi. Mimi ndiye niliyemtia humo, nikasema, mimi ndiye nitakayemtoa. Nilirudi nyumbani, nikatoa ule ukurasa wenye jina la Mado, nikauchoma kwenye mbabula, jiko letu la makaa, huku maji ya bukari yakichemka juu yake. Kesho yake asubuhi nilimpandisha Mado na mtoto kwenye pickup iliyopeleka magunia matupu Puta, mbali kando ya ziwa, kwa mwanamke mmoja aliyekuwa mteja wa Tantine. Mado aliuliza, “Ni siku gani nitarudia?” Nikasema nitamwita. Alikuwa mwepesi mno nilipomnyanyua kumweka juu ya magunia, na mpaka leo mikono yangu inakumbuka wepesi ule. Niliuona, na bado nilimpeleka mbali na kliniki.

Ba Mwansa alikuja mchana huohuo. Akasimama uani na baiskeli yake, “Mwapoleni mukwai,” akamsalimu Tantine kwa adabu zote, kisha akanigeukia. “Solange, karatasi ya kliniki ilifika. Makohozi yako ina TB. Tuende, banakungoja na dawa.” Nilimwambia siendi popote. Akanitazama muda mrefu, nami nikamtazama, na sikukohoa hata kidogo, maana sikuwa na sababu ya kukohoa. Akasema atarudi. Lakini Tantine alikuwa amesikia. Hakupiga kelele. Alikwenda ndani, akatoa sahani moja na kikombe kimoja, akavifunga uzi mwekundu, akaniwekea chakula changu peke yangu mlangoni. Nilikula peke yangu siku nane. Usiku wa kwanza alilia, na siku ya pili alianza kuniuliza mtoto wa dada yake ataenda kumzika wapi. Ningeweza kumwambia neno moja tu, si mimi, ni Mado. Sikulisema. Sikumwamini hata Tantine, aliyenilea. Nilijiambia nalinda mtu. Siku hizi, nikikumbuka sahani ile, naona nilipenda kidogo kuwa mtu mwenye siri.

Siku ya tisa Ba Mwansa alirudi, bila baiskeli, na akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Alikaa kwenye mkeka wetu. Tantine, kwa mazoea tu, akamkaribisha, naye akanawa, akamega bukari, akachovya kwenye chisense, akala. Alikula pole pole, akitoka jasho. “Miye niko na ugonjwa ya sukari,” akamwambia Tantine. “Bukari mingi ni kufa. Lakini leo nitakula, juu ya mutoto huyu asikie kama siko mubaya.” Akanawa tena. Akatoa kile kijitabu mfukoni, akavua raba, akanipa. “Soma.”

Kilikuwa kimeandikwa kwa Kibemba, kwa penseli. Nilikipekua nikitafuta majina. Hapakuwa na jina hata moja. Nyumba ya mlango wa kijani, mguu unaoza, hataki, nilete dawa kwa siri. Nyumba ya watu tisa, watoto wanne hawajachanjwa, nisiandike tisa. Bibi kizee kwenye mwembe uliokatwa, hana unga. Yote aliyodanganywa alikuwa ameyaona kwa macho yake, na aliyaandika mahali ambapo ofisi isingeyasoma. Kwenye ukurasa wa katikati palikuwa na: Nyuma ya stoo ya chumvi, mwanamke anakohoa, mtoto mchanga. Hajataka. Ngoja. Chini yake tena, ngoja. Mara nne alikuwa ameandika ngoja. “Najua haina weye,” akasema. “Weye haukoholake. Uliazimisha buku. Batu bote hapa banaazimisha, mukwai, hata nesi anajua. Sasa uniambie: mwenye kukohola eko wapi?”

Niliona aibu iliyonishuka mpaka miguuni. Tantine aliniangalia, akaangalia sahani yenye uzi mwekundu, na nadhani angenipiga kama mgeni asingekuwepo. “Puta,” nikasema.

Tulifika Puta kesho yake kabla ya saa sita. Mado alikuwa amelazwa kwenye kibanda cha nyavu, juu ya gunia, na mwenyeji alikuwa amemtenga Furaha kwa wema tu, kwa sababu mama hakuwa tena na nguvu za kumshika. Alipomwona Ba Mwansa aligeuza uso. “Solange,” akasema, “ulinileta polisi?” Sauti ilikuwa ndogo, haikuwa ya kuigiza mtu. Sijawahi kuulizwa swali lililoniuma zaidi. Ba Mwansa hakuingia. Alikaa nje juani, mbali na mlango, akavua kofia na kuiweka chini ili Mado aone mikono yake. “Bataniuliza headman,” Mado akasema. “Bakiuliza,” akajibu kutoka nje, “sema Mwansa. Miye niko headman yako.” Alikuwa akidanganya. Hakuwa headman wa mtu yeyote. Mado akacheka, kicheko kilichogeuka kikohozi, na tukambeba hadi kliniki.

Dawa zilikuwa zimeandaliwa kwa jina la Solange Kapya. Kulibadili kungekuwa kuanza upya, kikopo kipya, maswali mapya, kungoja kupya, na Mado hakuwa na siku za kungoja. Nesi aliangalia buku, akamwangalia Mado, akaniangalia mimi, kisha akafungua ukurasa mpya. Basi kwa miezi nane, kila asubuhi, kwenye benchi lile la kliniki, nesi aliita jina langu na Mado akaitika na kumeza vidonge mbele yake. Nilimsindikiza nikiwa nimembeba Furaha. Mwanzoni nilitaka kuitika mimi, mdomo ulifunguka wenyewe. Baadaye nikazoea. Nilipopata malaria nilitibiwa kwa buku la Tantine Vero, mwanamke wa miaka hamsini, na nesi akaniambia nimejitunza vizuri. Mado alinenepa. Sauti za watu zikamrudia. Mwisho wa mwaka mimi nilivuka kurudi Kongo, na yeye akabaki na mtoto wake, mapafu yake na jina langu.

Na hapo, nikiwa mtu niliye, nilianza kumshuku yeye. Niliposikia miaka baadaye kwamba kadi ya mtoto ilisema mama ni Solange, kisha karatasi za shule, kisha kila karatasi, nilijiuliza: alishindwa nini kurudisha? Alipona, hakuna aliyemkimbiza tena, hata Ba Mwansa mwenyewe, kabla hajafa, angemsaidia. Sikumuuliza. Tulipoongea kwa simu aliniigizia watu, nikacheka, na swali nikalimeza. Nilimpenda na nilimwona mwizi, vyote kwa pamoja, miaka zaidi ya ishirini.

Nilipofika Nchelenge, Furaha alinipokea mlangoni. Ana paji la uso la mama yake. Ndani ya chumba, chenye dirisha la kioo sasa, akina mama walikuwa wamekaa chini, na msalaba wa mbao umeegemezwa ukutani, mweupe, bila maandishi. Mchungaji alikuwa na kibali cha mazishi mkononi. “Kibali kinasema Solange Kapya,” akasema. “Siwezi kuandika jingine.” Furaha akanivuta pembeni. “Mama alisema hajui kuandika jina yake,” akaninong'oneza. “Alisema, ku kliniki hata baliuliza kama banaweza kubadilisha, na yeye hakujua jina yake inaandikwa namna gani. Alisema iliandikwa mara moja tu mu karatasi, na weye njo uliichunga. Siku atakufa tukuite. Uko nayo?”

Miaka yote ile alidhani ule ukurasa ninao. Alidhani nimelitunza jina lake, na hakuona haraka, maana lilikuwa mahali salama. “Niliuchoma,” nikamwambia mtoto wake. “Siku moja kabla ya kumupeleka Puta. Niliogopa.” Nikalia, sasa ndiyo, kwa sauti, mbele ya akina mama wote, na Furaha akanishika kiuno.

Kisha nikatoa pasipoti yangu kwenye mkoba nikamwekea mchungaji mbele ya macho. “Solange Kapya ni mimi,” nikasema. “Angalia picha. Sijafa.” Aliangalia picha, akaniangalia, akakunja kibali chake akakitia mfukoni. Niliomba brashi. Furaha akashika kopo la rangi, na akina mama wakasogea kuona. Nikaandika Ngoie Kiluba Madeleine, pole pole, maana ilikuwa mara ya pili tu naliandika.